Futi 2,500 za Kisumu: kusoma ripoti za viwanja vya ndege ukiwa magharibi mwa Kenya

Fungua tovuti ya hali ya hewa ya anga kwenye simu yako, andika HKKI, na papo hapo utaletewa mstari mmoja wa herufi na tarakimu, ripoti ya hali ya hewa ya uwanja iitwayo METAR. HKKI ni Kisumu. Eldoret ni HKEL, Wilson ya Nairobi ni HKNW, Jomo Kenyatta ni HKJK, na ukivuka ziwa utakuta Entebbe, HUEN, na Mwanza, HTMW. Huhitaji kujisajili wala kulipa, na bando la shilingi chache linatosha. Mimi hutumia zaidi aviationweather.gov, tovuti ya kituo cha hali ya hewa ya anga cha serikali ya Marekani kilichoko Kansas City, kwa sababu wao hukusanya ripoti za viwanja vya dunia nzima na zetu zimo. Unaweza kuandika viwanja vyote vya safari yako kwa mkupuo mmoja, HKKI HKEL HKNW, ukaomba utabiri uambatanishwe, na ukaagiza uletewe ripoti za saa kadhaa zilizopita badala ya ile ya mwisho peke yake.

Kwa sisi tunaorusha ndege ndogo huku magharibi, hiyo ni neema. Lakini kila ninapokaa na vijana waliotoka Wilson na leseni mpya mfukoni naona jambo lilelile. Wanaijua ripoti, wanaitamka vizuri tarakimu kwa tarakimu, kisha wanaifunga simu bila kuilinganisha na ramani. Na nchi yetu si tambarare. Ukiacha ufuo wa ziwa na kuelekea Nandi au Kericho, ardhi inapanda ghafla, na ripoti inayosema kweli tupu kuhusu Kisumu inaweza kukufikisha kwenye kilima kilichofunikwa wingu kabla hujamaliza kunywa maji yako.

Tazama mstari huu.

METAR HKKI 140600Z 05005KT 9999 BKN025 23/17 Q1019 NOSIG

Nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya mfano, ila asubuhi za namna hii tunazo tele wakati wa masika. Ni tarehe 14, saa 0600 za kimataifa. Upepo unatoka nyuzi 050 kwa kasi ya noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa. Unaweza kuona kilomita 10 au zaidi. Mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga, na kitako chake kiko futi 2,500. Joto ni nyuzi 23, kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo unyevu wake hugeuka matone, ni 17. Altimita, kipima kimo cha ndege, weka 1019. Kwa saa mbili zijazo hakuna badiliko kubwa linalotarajiwa.

Ikiwa unazunguka uwanja wa Kisumu kufanya mazoezi ya kutua, hiyo ni siku njema. Sasa chukua kwamba unakwenda Eldoret. Safari ni fupi, takriban kilomita 80 kwa mstari ulionyooka, chini ya nusu saa kwa Cessna 172 ikishapanda. Umetazama HKEL pia, na Eldoret wanasema CAVOK, yaani anga safi. Viwanja viwili, ripoti mbili safi. Wengi hapo ndipo wanapowasha injini.

Zile futi 2,500 zimepimwa kutoka usawa wa uwanja wa Kisumu. Hazikupimwa kutoka baharini. Kisumu iko kati ya futi 3,700 na 3,800 juu ya bahari, kwa hiyo ukijumlisha, kitako cha mawingu kiko karibu futi 6,300 kwenye altimita yako. Kapsabet, mji ulio karibu kabisa na mstari wa safari yako, umekaa karibu mita 2,000 juu ya bahari, yaani futi 6,500 na ushei. Uwanja wa Eldoret wenyewe uko futi 6,941. Wingu ambalo Kisumu linapita juu bila kumgusa mtu, ukingoni mwa Nandi limekalia mashamba ya chai, na matatu zinapanda barabara ya Kapsabet zikiwa zimewasha taa.

Ongeza sheria juu ya hapo. Chini ya futi 10,000, kwenye anga inayodhibitiwa, rubani anayeruka kwa kuona anatakiwa awe na kilomita 5 za kuona mbele, akae mita 1,500 pembeni mwa wingu na futi 1,000 juu yake au chini yake. Toa futi 1,000 kwenye 6,300, unabaki na 5,300. Ardhi iliyo mbele yako imepita hapo kwa zaidi ya futi elfu moja. Sisemi nafasi ni finyu. Nafasi haipo.

Kwa nini basi Eldoret waliandika CAVOK? Kwa sababu ni kweli. CAVOK maana yake ni kwamba mwangalizi pale uwanjani anaona kilomita 10 au zaidi, hakuna wingu chini ya futi 5,000 kutoka uwanja wake, au chini ya kimo cha usalama cha eneo lile ikiwa hicho ndicho kikubwa, hakuna wingu la radi, na hakuna mvua wala ukungu. Eldoret imekaa nyuma ya ukingo, juu ya uwanda, na unyevu wa ziwani ukisukumwa kupanda mlima huweza kujikusanya kwenye ukingo kama kilomita 40 kusini magharibi mwa mwangalizi huyo. Yeye ameandika alichokiona. Mwenzake wa Kisumu naye ameandika alichokiona. Katikati yao hakuna mtu aliyeajiriwa kutazama juu kwa niaba yako.

Hili ndilo ninalotaka kila rubani wa huku alishike. Ripoti ya uwanja ni ya uwanja. Njia ni kazi yako, na mtandao hautakufanyia kazi hiyo hata ukiwa na simu ya bei gani.

Mazoea yangu ni ya karatasi na kalamu. Kila kundi la mawingu ninalolisoma nalijumlishia kimo cha uwanja wake, kisha pembeni naandika ardhi ya juu kabisa ya kipande cha njia kinachofuata. Kutoka Kisumu kwenda Nakuru utapita Kericho, iliyo juu ya mita 2,000, halafu nyanda za Mau. Reli inayopita Timboroa, kaskazini kidogo, inapanda zaidi ya mita 2,700, na Mau Narok iko juu zaidi. Kisha ardhi inashuka hadi Nakuru, karibu mita 1,850, na hapo hapo Menengai imesimama mita 2,278. Kwa njia hiyo hata BKN040 ya Kisumu, mawingu ya futi 4,000 juu ya uwanja, ambayo kwa masikio ya mtu wa Mombasa ni anga tele, ni futi 7,800 tu juu ya bahari, chini kabisa ya mabega ya Mau.

Kuna pia hesabu ndogo ya kuhakiki. Chukua joto, toa kiwango cha umande, zidisha kwa 400, utapata kadirio la futi za kitako cha mawingu yanayozaliwa na joto la ardhi. Katika mfano wetu 23 kutoa 17 ni 6, mara 400 ni 2,400, na ripoti inasema 2,500. Vinakubaliana. Vikitofautiana sana, mawingu hayo hayakuzaliwa pale, yameletwa na upepo, na inafaa ujue yametoka upande gani. Na ukiona joto na umande vimelingana alfajiri ya Eldoret, 10/10 kwa mfano, kunywa chai kwanza. Ukungu upo au uko njiani.

Saa ya Z

Kabla ya mawingu, soma saa. Naiweka ya pili kwenye makala haya kwa sababu mawingu yananiuma zaidi, lakini kwenye simu saa ndiyo ya kwanza. Ripoti zote za anga hutumia saa ya kimataifa, ile yenye herufi Z, na Kenya iko saa 3 mbele yake. Sisi tunaosema saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato ambayo wenzetu hawana: toa 3 kwenye saa ya Z, umepata saa yetu ya mchana. 0600Z ni saa tatu asubuhi. 1000Z ni saa saba mchana. 1300Z ni saa kumi alasiri.

Ripoti hutolewa kila saa, na kwenye viwanja vikubwa kila nusu saa. Safari yake ni ndefu kuliko inavyoonekana. Mtu wa Idara ya Hali ya Hewa anatazama anga, anasoma vipimo, anaandika mstari, unatumwa kwa mtandao wa mawasiliano ya anga hadi Nairobi, kutoka hapo unaingia kwenye hifadhi za kimataifa, na tovuti za nje zinauchota huko. Kiungo kimoja kikilegea, umeme ukipotea au laini ikikatika, ripoti mpya haifiki. Tovuti haitakupigia kelele. Itaendelea kukuonyesha ile ya mwisho kuipokea, nadhifu na tulivu, na ikiwa ni ya saa moja asubuhi nawe unaitazama saa saba mchana, umesoma historia. Ndiyo maana naomba ripoti za saa sita zilizopita. Kwanza naona kama zinakuja kwa mfululizo au kuna mapengo. Pili, na hili ni muhimu zaidi, naona mwelekeo: upepo umegeuka lini, kitako cha mawingu kinapanda au kinashuka, umande umeongezeka au la. Ripoti moja pekee haikuambii mambo yanaelekea wapi.

Kuhusu utabiri wa uwanja, TAF, nitasema machache. Unakupa kipindi, kwa mfano 1406/1512, yaani kuanzia tarehe 14 saa 0600Z hadi tarehe 15 saa 1200Z, na ndani yake mabadiliko. BECMG ni hali inayogeuka na kubaki hivyo. TEMPO ni hali inayokuja na kuondoka, kila mara chini ya saa moja, na kwa jumla chini ya nusu ya kipindi kilichotajwa. Warubani wengi wa ndege ndogo huidharau TEMPO kwa kuwa ni ya muda. Mimi nawaambia wasome kilichoandikwa mbele yake. TEMPO yenye TSRA na CB juu ya Kisumu ni radi, mvua na wingu refu kuliko uwezo wa ndege yoyote tunayoirusha, na dakika 40 za hali hiyo zinatosha kuharibu maisha ya watu wengi. Ikiwa huna mafuta ya kusubiri au kwenda kwingine, basi kwako hiyo si ya muda.

Ziwa lina ratiba yake

Ukikaa Kisumu na kuzifuatilia ripoti kwa majuma kadhaa utaiona ratiba ya ziwa bila kufundishwa. Asubuhi upepo ni mwembamba, unatoka kaskazini mashariki, kutoka nchi kavu kwenda majini. Nchi kavu inapata joto, maji yanabaki baridi kiasi, na kuelekea adhuhuri upepo unageuka na kuingia kutoka kusini magharibi. Kwenye METAR utaona 05005KT ikififia, saa nyingine VRB kwa upepo usio na mwelekeo, halafu ghafla 24012KT, nyuzi 240 kwa noti 12. Hata mnara wa uwanja unabadilisha njia ya kurukia, kutoka 06 kwenda 24, yaani kutoka kuelekea nyuzi 060 hadi kuelekea nyuzi 240. Mgeuko huo wa tarakimu ni wa kuutazama kwa makini kuliko karibu kitu kingine chochote kwenye ukurasa, kwa sababu unakuambia hewa yenye unyevu wa ziwa imeanza safari kuelekea mlimani.

Ikifika Nandi na Kericho inakutana na pepo za mashariki zinazovuka nyanda za juu. Hewa hizo mbili hazina pa kwenda ila juu. Hapo ndipo zinapozaliwa radi zetu za alasiri, kwa kawaida kati ya saa nane na saa moja jioni, na pamoja nazo mvua ya mawe iliyoipa Kericho na Nandi sifa duniani kote miongoni mwa wataalamu. Miaka ya 1960 mashamba ya chai yalifikia hatua ya kurusha roketi za kulipuka mawinguni kujaribu kuizuia. Jani la chai likitobolewa litachipua jingine. Bawa la bati jembamba halichipui.

Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, na radi zinahamia juu ya maji, hasa upande wa magharibi. Wavuvi wa omena, ambao kazi yao ni ya usiku na taa, wanalijua hili kwa gharama kubwa. Kwetu maana yake ni kwamba alfajiri ripoti ya Kisumu inaweza kuwa safi huku mabaki ya radi ya usiku yakiwa bado yamekaa juu ya maji kuelekea Entebbe au Mwanza. Alama ya VCTS, radi jirani, huandikwa tu radi ikiwa kati ya kilomita 8 na 16 hivi kutoka uwanjani. Radi iliyo kilomita 35, juu ya ghuba ya Winam, haiingii humo. Ukiitaka hiyo, tazama picha za setilaiti.

Na picha zipo, bure vilevile. Shirika la setilaiti za hali ya hewa la Ulaya, EUMETSAT, lina Meteosat iliyosimama juu ya ikweta, longitudo ya sifuri, kimo cha karibu kilomita 36,000, na Afrika yote iko chini ya jicho lake. Kila robo saa au chini ya hapo kuna picha mpya. Chukua picha nne au tano za mfululizo uzipitishe moja baada ya nyingine. Kuanzia saa sita mchana utaona vichwa vyeupe vikichomoza juu ya Kericho na Londiani, vidogo, kisha vinaungana. Ukiviona vinakua kutoka picha moja hadi nyingine, safari ya Nakuru imeshafungwa kwa siku hiyo, hata Kisumu ikiwa bado inaandika 9999 na mawingu machache.

Mbali na picha kuna zile programu za simu zenye ramani ya rangi na mishale ya upepo inayotembea. Zinapendeza, na mimi pia ninayo moja. Ila kinachotembea pale ni matokeo ya kompyuta, hakuna jicho la mtu. Kompyuta bora kati ya hizo hugawa dunia kwa miraba ya kilomita 9 hivi, nyingine kilomita 25. Ukingo wa Nandi nyuma ya Kajulu unapanda wote ndani ya mraba mmoja au miwili ya namna hiyo, kwa hiyo kwenye hesabu ya mashine mlima umelainishwa ukawa mteremko. Ninazitumia kujua siku ya kesho ina sura gani. Siku ya leo naitafuta kwa walioiona.

Pasipo na mwangalizi

Viwanja vingi tunavyokwenda havina ripoti kabisa. Visiwani Rusinga na Mfangano, kwenye mashamba, kwenye miji midogo, kuna nyasi au murramu, soksi ya upepo, na mlinzi. Vituo vya hali ya hewa vya Kakamega, Kericho, Kisii, Kitale na Nakuru vipo, na vipimo vyao hutumwa kwa mtindo wa SYNOP, ule wa vituo vya kawaida vya hali ya hewa, kila baada ya saa tatu. Tovuti ya Ogimet hukusanya vipimo hivyo na kuvifafanua. Havikuandikwa kwa ajili ya rubani, na wakati mwingine vinaruka zamu, lakini vinakupa joto, umande, upepo na kiasi cha mawingu katikati ya lile pengo la Kisumu na Nairobi. Mvua iliyonyesha Kericho jana jioni imo humo.

Baada ya hapo nabaki na simu. Kiwanja kimoja cha nyasi kaskazini mwa Kisumu kina mlinzi mzee ambaye nampigia kabla ya safari, na mazungumzo yetu huwa hivi.

“Mzee, habari ya asubuhi?”

“Nzuri, kijana wangu. Unakuja leo?”

“Nataka kuja. Hebu toka nje uniangalizie. Msitu unauona?”

“Nauona. Lakini vichwa vya miti vimeingia ndani.”

“Ndani ya wingu?”

“Ndio. Miti ya chini naiona vizuri, ile ya kilimani siioni.”

“Na soksi?”

“Imelala.”

“Jana mvua ilinyesha?”

“Usiku kucha. Upande wa barabara kuna maji yamesimama. Na ng'ombe wa jirani wako uwanjani, lakini hao nitawatoa.”

Hakuna tovuti itakayonipa vile vichwa vya miti. Najua kilima kile kwenye ramani kina kimo gani, kwa hiyo kwa sentensi moja mzee amenipimia kitako cha wingu vizuri kuliko mashine yoyote iliyo karibu. Maji yaliyosimama yananiambia kuhusu breki na nyasi laini. Ninachomwomba ni alichokiona kwa macho. Kamwe simuulizi, “Je, nije?” Swali hilo si lake, na akilijibu kwa wema wake atakuwa amebeba mzigo ambao leseni imeniwekea mimi. Ukiwa na mtu kama huyo mahali unakoenda, mheshimu, mnunulie muda wa maongezi, na umfahamishe ukiahirisha ili asikukalie macho hadi jioni.

Na usiache ofisi ya hali ya hewa iliyopo uwanjani. Tovuti ya Marekani inasaidia, lakini taarifa rasmi ya safari yako inatoka kwa Idara ya Hali ya Hewa ya hapa, na mtu anayekupa anaweza kukuambia kilichoingia dakika kumi zilizopita ambacho bado hakijafika Kansas City. Wao pia ndio watakaokupa SIGMET, onyo la hali kali njiani, ambalo kwa kawaida huwa na uhai wa saa nne. NOTAM, matangazo kwa marubani kuhusu viwanja na anga, ni habari nyingine na ofisi nyingine. Usidhani umezisoma kwa kuwa umesoma hali ya hewa.

Joto nalo ni hali ya hewa

Zile tarakimu za joto watu huzipita haraka kwa kuwa Kisumu joto ni jambo la kila siku. Zisimamie. Kwa kipimo cha kawaida cha anga, kwenye kimo cha Eldoret joto lilipaswa kuwa karibu nyuzi 1 tu. METAR ikisema 24, kuna nyuzi 23 za ziada, na kila nyuzi moja inaipunguzia ndege nguvu kama vile umeongeza futi 120 za kimo. Fanya hesabu: injini na mabawa yako yatahisi kwamba yako karibu futi 9,700 juu ya bahari, ukiwa bado umesimama kwenye lami. Kisumu ikiwa nyuzi 30 utakuwa na hisia ya futi 6,500. Eldoret ina lami ndefu, inasamehe kiasi. Kiwanja cha nyasi cha mita 800 nyanda za juu, saa nane mchana, watu wanne na mizigo, hakisamehi. Ndiyo sababu kubwa nyingine ya kupenda asubuhi huku kwetu. Radi hazijaamka na hewa bado ni nzito.

Kwa wanaokwenda Wilson, asubuhi ina ubaya wake. Kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi huamka chini ya wingu la chini, zito, la kijivu, na HKNW inaweza kuandika OVC008, wingu lililofunika anga yote kwa futi 800 tu, huku Kisumu jua likiwaka. Hapo mahesabu yangu yanageuka: ninaondoka kwa kutazama ripoti ya ninakokwenda kuliko ya ninakotoka, nikiomba zile za siku mbili tatu zilizopita ili nione wingu hilo limekuwa likifunguka saa ngapi. Mara nyingi linafunguka kuelekea adhuhuri. Ugumu ni kwamba adhuhuri ndiyo saa ambayo Mau nayo huanza kujijenga, na dirisha la kupita katikati ya hayo mawili ni jembamba. Kuna siku halifunguki kabisa, na siku hizo kuna basi.

Nina ombi moja kwa wenzangu. Tumekubaliana kwamba kati ya Kisumu na Eldoret, kati ya Kericho na Nakuru, hakuna mwangalizi. Lakini kuna sisi. Kila ndege ndogo inayovuka ukingo ina macho mawili au zaidi, na sheria za anga zinaruhusu, tena zinahimiza, rubani aripoti hali aliyoikuta. Wengi wetu tunapita, tunaona, tunanyamaza, tunatua. Ukitoka Eldoret ukakuta wingu limekaa Kapsabet, waambie mnara wa Kisumu ulipo, saa, kimo chako, na ulichokiona: “Juu ya Kapsabet, 0640, futi 8,500, mawingu yamefunga chini yetu kuelekea ukingoni, ziwa halionekani.” Kijana aliye kwenye lami ya Kisumu na injini inayozunguka, mwenye ripoti mbili safi kwenye simu yake, atausikia ujumbe huo kwenye redio ileile.